Digidigi na Moto wa Kuomba

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, tusije tukakatizana njiani.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wanyama nyuma ya mlima. Hakikuwa kijiji cha ukoo mmoja. Kila mnyama alikuja kwa hiari yake. Huyu kaacha kundi, yule kaacha shimo la baba yake, wakapatana kuishi pamoja.

Siku moja akaja Digidigi. Alikuja na mtoto wake mdogo ubavuni, na kaa la moto ndani ya kigae. Nungunungu, mkubwa wa kijiji, akampokea. Akamwonyesha kibanda, akamweleza kwamba mwezi ukiandama watakaa kikao, waseme kama abaki au aendelee na safari.

Digidigi akauliza kwa sauti ndogo afanye nini ili abaki.

"Ishi nasi tu, binti yangu," akasema Nungunungu.

Digidigi hakuwa na pa kurudi. Kule alikotoka chui alikuwa amemla mumewe. Basi akawaza: mgeni mwema hasumbui watu. Akafagia uwanja, fya, fya, fya. Akachota maji, akamwekea na jirani yake Kanga mlangoni, akakimbia kabla ya kushukuriwa. Chumvi ilipomwishia, alikula bila chumvi. Chungu kilipopasuka, alipikia kigae.

Kanga alikuwa akilalia mayai. Kila mara alichungulia nje. "Jirani, hupungukiwi kitu?"

"Sipungukiwi, dada. Asante."

Kanga akanuna. Akawaambia wenzake kuwa mgeni huyu ana kiburi cha kimya kimya, hata chafya huenda anajifungia ndani kuipiga. Wakacheka. Digidigi akasikia, akazidi kujikunyata kibandani mwake.

Ikafika siku ya kuandama mwezi. Asubuhi mvua ikanyesha, kwa, kwa, kwa. Paa likavuja. Moto ukafanya pshiii, ukazima. Mtoto akaanza kutetemeka.

Digidigi akaenda hadi mlangoni kwa Kanga. Akarudi. Akaenda tena. Akarudi. Kikao ni jioni ile ile. Akiomba leo, watasema ni mzigo, watamfukuza. Kule kibandani mtoto akakohoa. Digidigi akaenda tena, akafumba macho.

"Hodi."

"Karibu."

"Dada, naomba moto."

Kanga akainua shingo. Kisha akacheka, kekekeke, hata manyoya yakamtikisika. "Wewe nawe. Tangu uje nakungoja. Hapa hakuna mwenye moto wake peke yake. Mimi nikizimikiwa huomba kwa Nungunungu, naye akizimikiwa huomba kwangu."

Akampa kaa jekundu. Digidigi alipogeuka aondoke, Kanga akamwita, na sasa yeye ndiye aliyeona haya.

"Mdogo wangu, mayai haya yamenikalisha mpaka miguu imekufa ganzi. Nilitaka kukuomba unilindie, nikajinyooshe kidogo. Lakini nitamwombaje asiyeniomba?"

Jioni mwezi ukaandama. Wanyama wakaketi. Nungunungu akauliza, kama ilivyo desturi yao: mgeni huyu ameomba nini, na kwa nani?

"Ameomba moto, kwangu," akasema Kanga.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani kwangu. Ameyafunika mayai yangu kwa tumbo lake, na mwanawe kalala pembeni. Nimemwambia aje kikaoni, amekataa. Anasema yatapata baridi."

Wanyama wakatazamana. Nungunungu akainuka, akakung'uta miiba yake, chakacha, chakacha.

"Basi kikao kimekwisha," akasema. "Mwenye kulalia mayai ya jirani atasafiri saa ngapi?"

Ndiyo maana, watoto na wakubwa, ukihamia kwa watu usione haya kuomba. Kutoa peke yake hakujengi ujirani. Anayeogopa kuomba huwafunga wenzake midomo.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Kanga, na moto ungali unawaka.