Kwa Nini Bibi Humwita Mjukuu "Mume Wangu"

Bwana Hizza amekula katika miji mingi kuliko anayoweza kuitaja, lakini adabu za kula bado hazijamkolea. Juzi, kwenye karamu ya kwao Muheza, alikuwa na firigisi mdomoni pale Bibi Mnyange, mwenye nyumba, alipopiga ukelele: "We Hizza! Hiyo ya mume wangu!" Mume mwenyewe ni mjukuu wake, kang'oka meno ya mbele, tayari analia. Hizza akameza, watu wakaangua kicheko, naye akajiokoa kwa hadithi.

Hapo kale, alisema, mjukuu aliitwa mjukuu, basi. Alikula alichobakiziwa, na firigisi ilikuwa ya mwenye mji. Ndivyo Semkiwa alivyoishi na mkewe Mnyamisi, mpaka mwana wao alipowaletea mtoto wake, Mhina, wamlee.

Mtoto alimkuna bibi mgongo. Akamsifia mchicha, mchicha uleule ambao Semkiwa alikuwa akiula miaka yote bila kusema neno. Bibi akayeyuka. Siku kuku alipochinjwa, firigisi ikatua kwa Mhina. "Kula, mume wangu."

Semkiwa naye akajaribu kuusifia mchicha. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. Wivu ukamshinda, akamwita mwanawe. "Mchukue mtoto wako. Nyumba hii haiwatoshi waume wawili."

Mhina akaondoka analia. Mnyamisi naye akafunga nguo zake, akajitwika kapu, akamfuata.

Semkiwa akabaki na jiko la baridi. Alijikaza mpaka alipounguza muhogo kwa mara ya pili, ndipo akafunga safari hadi kwa mwanawe, na mbele ya mkwewe akamwinamia mtoto: "Mume mwenzangu, nimekuja kuwaomba mrudi." Mnyamisi alicheka hadi akakaa chini.

Na tangu siku hiyo, neno mjukuu tunalitumia mbele ya wageni tu. Nyumbani, bibi humwita mume wangu, babu humwita mwenzangu, babu na mjukuu hutishiana bakora kwa ajili ya mke mmoja, na hakuna anayenuna. Akinuna, hujificha.

Ila siku ile, kabla hawajaondoka, Semkiwa alitaka mambo yawe wazi. "Haya, mwenzangu, huyu mke tutamgawana vipi?"

Mhina hakufikiri sana. "Wewe mchukue usiku. Anakoroma."