Aikande na Mfuko wa Mchanga

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Anayeanza jambo kwa pupa huishiwa njiani, hata akipigiwa vigelegele namna gani.

Aikande wa Nkoaranga, kijiji cha mlimani, aliyajua hayo kwa machungu. Mwaka uliopita, katika mashindano ya Themi ya kukimbia, kusukuma na kubeba mizigo, kisha kukimbia tena, alitangulia wote, akaufikia mfuko wa mchanga mapaja yakiwaka moto, akaketi chini na kulia. Safari hii timu ya mkoa ilibakiza nafasi moja tu, ya mshindi, na umri haukuwa ukimsubiri.

Kocha wake, Fransiska, alimweleza siri ya mwili.

"Una majiko mawili. La gesi lina moto mkali, lakini huisha upesi. La mkaa huchelewa kushika, ila ndilo linaloivisha maharage. Ukiimaliza gesi mapema, mfuko utaubeba kwa nguvu gani?"

Basi Aikande akafanya mazoezi taratibu, hata wapita njia wakamtania kwamba anasindikiza mgeni.

Siku ilipowadia, mama yake, Theresia, aliteremka Themi na kwaya nzima ya kinamama. Kwao, mbio ni kuwa mbele tangu mwanzo. Filimbi ilipolia, msichana aitwaye Nosim alichomoka kama mshale, Aikande akabaki nyuma akisikiliza pumzi zake. Kwaya ikakatiza wimbo. Mama akamfuata kandokando ya kamba, akimsihi asiwaaibishe mbele za watu. Maneno hayo yalimchoma, nusura aongeze kasi. Lakini alijikaza, akasukuma kitoroli cha vyuma kwa mwendo wake uleule, akaendelea kukimbia.

Kwenye mifuko ya mchanga alimkuta Nosim ameinama, mikono magotini, miguu imegoma. Aikande aliuweka mfuko wake begani, akaenda kwa hatua fupifupi bila kuutua. Alipoushusha, gesi yake ilikuwa bado imejaa. Akaiwasha yote, akawapita waliokuwa mbele, na kuanzia hapo wenzake waliona kisogo chake tu hadi mwisho, kwaya ikiimba upya.

Mama alimfuta jasho kwa kanga, machozi yakimlengalenga.

"Nilikuonea aibu, mwanangu. Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha kushuka na mkungu wa ndizi hadi soko la Tengeru bila kukimbia."

"Ndio mwendo niliokwenda nao leo, mama."

Aikande alimpelekea Nosim maji, akamkaribisha mazoezini, kisha akapanda kurudi Nkoaranga na kwaya iliyokauka sauti kwa kuimba. Hakika, mbio za sakafuni huishia ukingoni.