Mchonga Kinu Hubakiza Kitako

Kitendawili! Itikieni basi, msinikodolee macho. Fundi hukifuata kwa tezo tangu asubuhi, na siku akikifikia, ameharibu kazi. Ni kitu gani?

Mmeshindwa. Mji sitaki. Miji mliyonipa tangu likizo ianze inatosha, sijui hata nitaitawala vipi. Kaeni na kitendawili chenu, jibu litakuja lenyewe.

Mnataka kujua maneno niliyomwambia mama yenu mchana. Alikuwa anamsema Sikudhani kwa wali kuungua, na haki alikuwa nayo, wali uliungua kweli. Kisha akaingia kwenye nguo ambazo hazijafuliwa, akaingia kwenye mtihani wa hesabu, akaingia hata kwenye namna mtoto anavyotembea. Ndipo nikamwambia kutoka huku jikoni, "Mwajabu, mchonga kinu hubakiza kitako." Akacheka peke yake, akachukua ndoo akaenda zake kisimani. Nyinyi mkabaki mnatazamana.

Mwalimu wangu wa darasa la nne alitufundisha methali nyingi, lakini hii haikuwemo. Ilitoka kwenye kinu hicho alichokikalia Sikudhani. Inuka kwanza, mama, kinu hakikaliwi. Haya. Mwanzo wake ni huu.

Babu yangu mzaa baba, Mzee Kihiyo, alikuwa mchonga vinu huku kwetu Ubondei. Alipenda mti wa mfenesi. Akishaukata, gogo alililaza kivulini mpaka likauke taratibu, maana gogo bichi likichongwa hupasuka. Kazi yenyewe aliifanya kwa tezo na patasi ya mpini mrefu, akichimba kutoka juu kwenda chini. Na kila alipochimba kidogo, aligeuza kinu, akagonga chini yake kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia ko, ko, bado pana mti wa kutosha. Kikianza kuitika kama ngoma, aliweka patasi chini na kuomba chai.

"Mfinyanzi akikosea huongeza udongo," alikuwa akisema. "Sisi tunaochonga, uwe mti, liwe jiwe, kazi yetu ni kuondoa tu. Ukiondoa umeondoa."

Mkewe, bibi yangu, aliitwa Bi Mkunde. Alikuwa mwanamke safi, mchapakazi, na jicho lake halikukosa kitu. Ukifagia uwanja, yeye ataliona jani moja. Siku mwanawe Hemedi, ambaye ndiye baba yangu, alipomwoa mama yangu Mboni, Bi Mkunde alifurahi kuliko wote. Akasema, "Mungu amenipa binti. Sasa nitamchonga awe mtu." Watu wakacheka, maana hawakuwahi kusikia mtu akichongwa.

Zamani kwetu, mkamwana hakupewa jiko lake siku ya kuolewa. Alikaa kwanza jikoni kwa mama mkwe, akijifunza mapishi ya nyumba ile. Mama mkwe akiridhika, waliitwa wanawake wa kijijini, bibi arusi akakabidhiwa mafiga matatu na kinu chake mwenyewe. Akatwanga mahindi mbele yao, na tangu hapo ana nyumba. Asipokabidhiwa, mwisho wake alirudi kwao, na wazazi wake wakainamisha vichwa.

Basi Bi Mkunde akaanza kuchonga. Ugali wa Mboni ulikuwa laini mno, akausema, ukakaza. Moto wake ulikula kuni, akausema, ukapungua. Hayo yalikuwa ya kweli, na Mboni aliyapokea. Lakini jicho likizoea kutafuta halichoki. Akasema namna anavyofunga kanga, na namna anavyoitikia hodi. Mwisho akasema kicheko chake.

"Mwanangu, mwanamke wa heshima hacheki mpaka majirani wakajua jino gani limetoboka."

"Nimesikia, mama," akasema Mboni, na kicheko akakiacha. Hemedi alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, akirudi mwisho wa juma. Aliporudi alimkuta mkewe anajibu kwa kichwa tu. Akimwuliza una nini, anasema sina kitu. Na kweli, alikuwa anaona hana kitu. Moyoni alijiambia, nikabidhiwe jiko langu nipumue. Nisipokabidhiwa naenda kwetu, na sirudi.

Ikafika siku Bi Mkunde akamwambia mumewe achonge kinu cha mkamwana. Mzee Kihiyo akatoa gogo lake zuri kuliko yote, akachonga, akamletea.

"Baba Hemedi, hiki kinu au gogo? Kizito! Watasema nimempa mtoto wa watu adhabu."

Akapunguza kiuno cha nje. Akaleta.

"Tundu fupi. Mahindi yataruka nje kama panzi."

Akachimba. Akaleta.

"Bado. Chini hapo hapajakaa sawa, pana kinundu."

Mzee akakigeuza, akagonga, akatega sikio. "Mama Hemedi, kinaanza kuitika."

"Kinamwitikia nani? Nani amekiita? Chonga, bwana, watu wanakuja Ijumaa."

Mzee Kihiyo alikuwa mtu wa amani. Alijua, na alichoka kubishana. Akachukua patasi, akaondoa kile kinundu.

Ijumaa wanawake wakajaa uwanjani na vigelegele vyao. Kinu kikatolewa, kimesuguliwa kinang'aa, chepesi hata mtoto angekibeba. Jirani yao, Bi Tunu, mtu wa maneno, akakizunguka. "Hee, Mama Hemedi! Hiki cha kutwangia au cha kuwekea maua?"

"Wenye macho wataona," Bi Mkunde akajibu, na kanga yake mpya akaiweka vizuri begani.

Mahindi yakamiminwa. Mboni akashika mchi. Akauinua, akaushusha. Mara ya kwanza, salama, vigelegele. Akauinua tena kwa nguvu zaidi, akaushusha, na mchi ukapita. Ukatoboa chini ukazama kwenye udongo, na alipouchomoa, mahindi yakatoka yote kwa chini kama yamefunguliwa mlango.

Kuku wakawa wa kwanza kufika.

"Loo," akasema Bi Tunu. "Kinu hiki kinalisha ardhi kwanza."

Bi Mkunde akamgeukia mumewe. "Umechonga nini wewe? Umeniaibisha mbele za watu!"

Mzee Kihiyo hakupandisha sauti. Alipiga magoti, akakiinua kinu, akaingiza mkono juu, vidole vikatokea chini.

"Mama Hemedi, nimechonga ulivyoniambia. Na sisemi ulikosea. Kila ulichotaka kiondoke, kilikuwa cha kuondoka. Uzito wa pembeni, kweli. Tundu fupi, kweli. Kile cha mwisho tu, ulichokiita kinundu, ndicho kilikuwa kitako."

Nyinyi mliokuwa mnatafuta jibu la kitendawili, ndilo hilo. Kitako. Fundi hukifuata siku nzima, na akikifikia, hana kinu tena.

Bi Mkunde akainama. Akavitazama vile vidole vilivyotokea chini. Kisha akamtazama Mboni, aliyesimama na mchi wake, macho yamekauka. Akamwona kama ndiyo kwanza anamwona. Akaenda karibu, akamwuliza kwa sauti ndogo, lakini wote walisikia:

"Mwanangu. Nami nimekubakizia nini?"

Mboni hakumjibu. Aliulaza mchi chini taratibu, akaingia ndani, akatoka na kitambaa alichofungia nguo zake, akashika njia ya kwao. Swali likabaki pale uwanjani pamoja na mahindi.

Siku zilizofuata, Bi Mkunde hakula vizuri. Hemedi aliporudi mwisho wa juma akakuta nyumba baridi, akataka kwenda kumfuata mkewe, mama yake akamzuia. "Kosa si lako. Ngoja." Akamwendea mumewe akamwambia, "Nichongee kingine." Safari hii alikaa karibu yake kwenye kigoda, mikono mapajani. Mzee akichonga, naye akitazama. Kuna mahali pembeni tezo iliacha makovu, jicho lake likayaona, mdomo ukafunguka. Akaufunga. Chini ya kinu palikuwa na ganda la mti lililosalia. Mzee alipoinua tezo aliondoe, Bi Mkunde akamshika mkono.

"Acha hapo, Baba Hemedi."

"Hakijapendeza bado."

"Acha."

Asubuhi akajitwisha kinu kichwani, peke yake. Mama mkwe kumfuata mkamwana kwao, tena na kinu kichwani! Jambo hilo halikuwahi kuonekana. Ya namna hiyo hupelekewa washenga, na maneno ya kuzunguka. Njiani akakutana na Bi Tunu anatoka kuchanja kuni.

"Mama Hemedi, wapi na gogo hilo? Mbona hata ganda halijatoka? Mumeo anaumwa?"

"Mzima," akasema Bi Mkunde, na jasho linamtiririka. "Mchonga kinu hubakiza kitako."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kusemwa. Bi Tunu, mnamjua tena, jioni kijiji kizima kilikuwa nayo.

Alifika kwao Mboni, akatua kinu mlangoni. Wazazi wa Mboni wakatoka, wakashangaa, wakamkaribisha kiti, akakataa. Akasema, "Sikuja na maneno mengi. Maneno nimeyamaliza huko nyuma, yalikuwa mengi kuliko haki yake. Kinu hiki ni cha Mboni, akae hapa au arudi. Hakijamalizwa, najua. Kinu humalizwa na mchi wa mwenyewe."

Mboni alitokea nyuma ya nyumba. Akakitazama kinu, akapitisha kiganja kwenye yale makovu, akakigeuza na kuona lile ganda lililoning'inia kama mkia wa mbuzi. Akacheka. Kile kicheko chake chote, mpaka majirani wakajua jino gani limetoboka. Bi Mkunde akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia na kucheka pamoja naye. Walirudi siku hiyohiyo, wakipokezana kinu kichwani.

Lakini lile swali, Mboni hakulijibu. Bi Mkunde naye hakuliuliza tena. Alimpa jiko lake, na alipoona kosa alisema moja, akaondoka. Miaka ikapita. Nikazaliwa mimi. Bibi akazeeka, macho yakafifia, na mama yangu ndiye aliyekuwa akimlisha, kwa ugali ule mgumu aliofundishwa naye.

Siku moja, nami nilikuwa wa kimo cha Sikudhani, nilitwanga kwa uvivu nikamwaga mahindi. Mama akaanza kunisema. Akasema mahindi, akasema mikono yangu, akasema shule, maneno yakaanza kukolea. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake. Alinyoosha fimbo yake, akagonga chini ya kinu. Ko, ko.

Mama akanifuta uso kwa kanga yake, kisha akaenda kukaa karibu na bibi.

"Mama, siku ile uliniuliza swali."

"Nilikuuliza. Hukunijibu."

"Nilikuwa sijui. Niliona hujanibakizia kitu."

"Na leo?"

Mama akauchukua ule mkono mkavu wa bibi, akauweka mapajani mwake.

"Ungeweza kunisema kwa kinu kile kutoboka, mama, mbele ya watu wote. Nilikuwa nakungoja useme, na ungesema, nisingerudi kamwe. Wewe ukaniuliza. Mtu akiuliza amebakiza nini, patasi ameshaiweka chini. Swali lile ndicho kitako ulichonibakizia, nami nashukuru, ndicho nilichokalia mpaka leo. Mchonga kinu hubakiza kitako."