Ngiri Aliyeitwa Kuonja

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, wenye njaa na walioshiba. Na yule anayetafuna huko nyuma, ameze kwanza.

Hapo zamani za kale palikuwa na Ngiri, na jirani yake Mama Digidigi. Ngiri hakuwa mwizi. Alikuwa na tumbo tu, na tumbo lile lilikuwa na masikio: chungu kikifunuliwa kilima cha pili, lilisikia.

Siku moja binti ya Mama Digidigi akaposwa. Wakwe wangevuka mto adhuhuri, waje kula. Wakiridhika, harusi ipo. Mama Digidigi alikuwa mjane, na chakula kile alikikusanya miezi mitatu. Akapika kunde, akapika viazi, akapakua mtama sinia zima. Kisha akamwendea Ngiri.

"Jirani, moshi umeniziba pua, chumvi siijui tena. Niingilie jikoni unionjee kunde. Sisi tunakwenda kivukoni kuwapokea wageni."

"Kuonja tu?"

"Kuonja tu, jirani. Kwenye karamu umealikwa, utakula na wenzako."

Ngiri akaingia. Akachovya ncha ya ulimi. Chumvi imekaa sawasawa. Hapo angetoka, sivyo? Lakini akawaza: upande wa kushoto wa ulimi haujasema neno. Akaonja kwa kushoto. Akaonja juu, akaonja katikati, na kwa kuwa chumvi huzama, akaonja chini. Kwaru, kwaru, chungu kikakwaruzika.

"Bado naonja," akajiambia.

Kwenye viazi alikuwa anakula. Kwenye mtama, jamani, alikuwa anafakamia. Fyo, fyo, fyo, macho kayafumba, hata kupumua kasahau. Alipoyafumbua, sinia lilikuwa linang'aa.

Tumbo ndi! Akataka kukimbia, miguu ikakataa. Mara Mama Digidigi akaingia, kawatangulia wageni. Akatazama chungu. Akatazama sinia.

"Nilionja," Ngiri akasema kwa sauti ndogo.

"Umeonja hata harusi ya mwanangu."

Hakulia. Alianza kupanga sahani tupu, moja baada ya moja, kama asiyejua la kufanya. Sahani zile zikamuuma Ngiri kuliko tumbo.

Akatoka kuwalaki wakwe njiani.

"Wazee wangu, chakula kitachelewa, na kosa ni langu. Niliitwa kuonja, nikafakamia."

Babu mkwe akamtazama usoni, akalitazama tumbo, akacheka mpaka akaketi chini. "Tutangoja," akasema. "Mwenye kusema kweli na tumbo kama hilo hajapata kutokea."

Nyuma ya kichuguu Ngiri alikuwa na viazi vikuu vyake, akiba ya kiangazi, hajamwambia mtu. Akaenda kuvichimbua. Puu, puu, kwa pua na pembe, akiinama anaugua, akiinuka anaugua. Akavibeba vyote, Mama Digidigi akavichoma, wakaketi.

"Karibu, Bwana Ngiri," akasema babu mkwe. Ngiri hakuweza hata kipande. Akabaki kutazama. Babu alichagua kiazi laini, akampa binti. Binti akakimega, akampa mama yake. Mama akammegea mgeni wa pembeni. Kiazi kimoja kikapita kwa wanne, na maneno yakipita nacho, na kicheko. Ngiri akaona wivu, tumbo limejaa.

"Jirani," akanong'ona, "mbona mimi asubuhi nilikula kingi kuliko hiki, na sikufurahi hivi?"

"Asubuhi ulishiba," akasema Mama Digidigi. "Hii ndiyo karamu."

Jua halijatua, wakwe walikuwa wamekubali. Harusi ikapangwa.

Basi, wadogo na wakubwa: kuonja, kula na kufakamia hupita mdomo ule ule, lakini si jambo moja. Na karamu hailiwi na mtu mmoja, hata akimaliza vyungu vyote.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimenyamaza. Nendeni mkale, na mkaribishane.