Makucha ya Chuma

Mtu mmoja alikuwa na mbuzi wengi, na mbuzi hao walikuwa na mlinzi mmoja tu. Mtu huyo aliitwa Mwaluko, na mlinzi wake alikuwa mbwa mwekundu mwenye kifua kipana, ambaye Mwaluko alimpa jina la Chuma. Walikaa chini ya vilima vya mawe, mahali ambapo mvua ikikosekana, majani hubaki juu tu, katikati ya majabali. Na huko juu alikuwako chui.

Mwaluko hakuwahi kumwona chui huyo. Aliwahi kuona kwato za mbuzi wa jirani zikining'inia kwenye panda ya mti, basi. Tangu siku hiyo woga ulimwingia ukakaa. Alikula nao, akatembea nao. Kitu kimoja tu kilimtuliza: sauti ya makucha ya Chuma yakigonga mawe, ka-ka-ka, ikimzunguka yeye na kundi lake. Alipoisikia alipumua. Iliponyamaza, jasho lilimtoka.

Kwa hiyo hakumwacha mbwa atulie. Chuma akilala kivulini, Mwaluko alipiga mluzi. Chuma akirudi kutoka upande wa juu, alimtuma upande wa chini. Jua la mchana lilipoyafanya majabali yawe kama kikaango, Mwaluko alikuwa na viatu vya katambuga miguuni, mbuzi walikuwa wamesimama vivulini, na mbwa alikuwa akikimbia.

Kiangazi kilivyozidi kurefuka, ndivyo makucha yale yalivyozidi kufupika. Mawe yaliyasaga kidogo kidogo mpaka yakafika kwenye nyama. Ngozi ya nyayo ikapasuka, changarawe zikaingia ndani ya nyufa. Mwaluko aligundua jambo moja tu, kwamba sauti imefifia. Hakutazama kwa nini. Alidhani mbwa amekuwa mvivu, akaogopa zaidi, na kwa kuogopa akamtuma zaidi.

Mkewe, Yudithi, ndiye aliyeona. Asubuhi moja akifagia uwanja alikuta matone ya damu iliyokauka, kuanzia langoni mpaka pale mbwa alipolala. Akaushika mguu wa Chuma, akaugeuza. Kisha akamwita mumewe.

"Baba Nyemo, njoo uone. Huyu hana cha kukanyagia tena. Mwache nyumbani mpaka apone. Na akipona, umpitishe kwenye mchanga, jua likiwa kali apumzike."

"Na mbuzi nitawaacha na nani?" Mwaluko alijibu. "Siku nitakayopanda bila mbwa, ndiyo siku atakayoshuka chui."

Yudithi hakubishana. Aliziosha nyayo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akachokoa changarawe kwa mwiba, akapaka mafuta ya mkia wa kondoo. Kisha akashona viatu vinne vya ngozi laini ya mbuzi, akavifunga kwa kamba bila kukaza sana. Chuma alisimama, akayumba, akatembea. Alitembea vizuri. Ila alitembea bila sauti.

Huko juu Mwaluko akageuka, hakusikia kitu. Akageuka tena, akaona mawe tu. Mbwa alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, lakini hilo halikumtosha, alitaka kumsikia. Akamkamata Chuma, akazikata kamba kwa kisu, akavitupa viatu vyote korongoni.

Hazikupita siku nyingi. Jua likiwa utosini, mbuzi wote waliacha kula kwa pamoja. Mwaluko akatazama walikotazama. Chui alikuwa amelala juu ya jabali, peupe kabisa, mkia ukining'inia. Hakuwa amejificha. Mwaluko alifungua kinywa, na sauti iliyotoka hakuitambua kuwa ni yake.

"Chuma! Chuma!"

Chuma alikuwa chini ya mwamba mpana wenye mteremko. Zamani angeupanda kwa mruko mmoja. Akauparamia, miguu ikateleza, kwa maana hakuwa na kitu cha kushikia, akarudi chini kwa kifua. Akaparamia tena, akarudi tena, na kila alipoteleza aliacha michirizi myekundu juu ya jiwe. Chui hakuharakisha. Alimtazama mbwa akijaribu mpaka akaridhika na alichokiona. Ndipo aliposhuka taratibu, akamkamata mbuzi jike shingoni mbele ya mwenyewe, akaondoka naye kama mtu anayetoka sokoni.

Mwaluko alikimbia. Mbuzi walikimbia naye, mawe yakiporomoka chini ya miguu yao, na hakutazama nyuma mpaka alipoingia uani.

Yudithi aliwatazama mbuzi wakiingia zizini, kisha akamtazama mumewe. "Chuma yuko wapi?"

Mwaluko aligeuka akatazama kilimani. Yudithi akachukua fimbo, akaanza kupanda. Mwaluko alibaki langoni. Aliogopa kwenda, na aliogopa zaidi kubaki huku mkewe akienda peke yake. Akamfuata.

Walimkuta katikati ya njia. Mwanambuzi mmoja alikuwa ameachwa nyuma, amelala chini kwa uchovu, na Chuma amelala mbele yake, uso ameuelekeza kwenye majabali. Alama zilizokuwa njiani zilionyesha kwamba alifika hapo akijikokota kwa viwiko. Alipomwona Mwaluko alitikisa mkia kidogo, kisha macho yake yakarudi kule juu.

Mwaluko akambeba mabegani, na Yudithi akambeba mwanambuzi. Walipokuwa wakishuka, ukasikika nyuma yao mkoromo unaokwaruza kama msumeno unaokata gogo. Ukanyamaza. Ukasikika tena, karibu zaidi. Mwaluko akanong'ona kwamba sasa hawana mlinzi, je, chui akiwafuata itakuwaje? Yudithi hakupunguza mwendo wala kugeuka.

"Chui hakumgusa mbwa wako, baba Nyemo," alisema. "Kazi hiyo umemfanyia wewe."

Chuma hakufa. Lakini makucha huota polepole, na nyayo zilizopasuka hufunga polepole. Msimu ule hakuna aliyepanda kilimani. Majani yalikauka huko juu pasipo kuliwa, na mbuzi wakapungua zizini mmoja mmoja kwa njaa. Kila asubuhi Mwaluko alipiga magoti mbele ya mbwa wake akiwa na beseni, akiosha kile alichokuwa amekisaga kwa mkono wake. Na kila alipotoka nje ya boma alikuta alama za chui kwenye vumbi, zimesogea karibu kuliko jana.

Nanyi mnaopata usingizi kwa sababu yuko mtu anayezunguka kwa ajili yenu, je, ni lini mliitazama miguu yake?