Ndama wa Saa Mbili

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali ile ya juzi, saa za mkononi zilipokwisha kujifunza kuhesabu mapigo ya moyo, aliishi kule Mbulu mwanamke mkimbiaji aliyeitwa Fausta. Alikuwa na mume, Amsi, na mtoto mmoja, na mama mkwe aliyempenda kama amemzaa. Alfajiri alikimbia, kukikucha alikamua ng'ombe.

Mwaka ule zikatangazwa mbio za kilomita arobaini na mbili kuzunguka milima. Mshindi wa kike angepewa mtamba mwenye mimba.

Ndugu zake wakaona hawezi kwenda kukimbia kwa kukisia. Mdogo wake Restituta, muuguzi wa zahanati, akamletea saa janja: nyembamba, inapokea ujumbe, inapima usingizi na moyo, ila lazima ichajiwe kila siku. Kaka yake Tluway, mpima ardhi, akamletea saa ya michezo: nene, ya vitufe, haijui simu wala ujumbe, ila inajua njia, mwendo na mapigo ya moyo, na chaji yake hukaa wiki mbili.

Fausta akashindwa kuchagua. Kuvaa ya mmoja ni kumvunja moyo mwingine. Basi akaamua: nyumbani na kitandani, saa janja; barabarani, saa ya michezo. Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu, akasema mkwewe amepata wanyapara wawili.

Wiki tatu kabla ya mbio, saa janja ikaonyesha kwamba moyo wa Fausta unakwenda mbio hata akiwa amelala. Yeye alijisikia uchovu kidogo tu, akataka kuendelea na mazoezi. Restituta alipoiona ile saa akamshika mkono mpaka zahanati. Akapimwa, akakutwa na malaria aliyotoka nayo harusini Babati. Akatibiwa, akapumzika, akarudi barabarani mzima.

Siku ya mbio ukashuka ukungu. Kwenye njia panda ya mlimani, ng'ombe walikuwa wameangusha kibao cha kuonyesha njia. Wanawake watatu waliomtangulia walishika kulia. Fausta akatazama saa ya michezo. Mshale ukasema kushoto. Akasita, maana wote wamekwenda kulia. Kisha akawaita kwa sauti kwamba wamepotea, akashika kushoto. Wawili hawakumsikia, wakateremka bondeni. Wa tatu, Veneranda, akasikia, akageuka, na kwa kuwa alikuwa na mbio kuliko Fausta, akampita.

Zikabaki kilomita mbili. Veneranda yuko mbele hatua mia. Saa ya michezo ikatetemeka mkononi: moyo umezidi, punguza mwendo. Fausta akapunguza, akajiambia kuwa wa pili si aibu.

Kando ya barabara alisimama mama mkwe, mtoto mgongoni.

"Fausta mwanangu," akasema, "huyo wa mbele anaburuta mguu wa kushoto. Ng'ombe anayetembea hivyo hafiki mnadani. Achana na saa, mfuate."

Akamfuata. Akampata kwenye lango la uwanja, akamshinda kwa hatua nne. Veneranda akamkumbatia, wote wawili wakacheka wakilia.

Kwenye sherehe Fausta alisimama, furaha imemjaa, akatamka mbele ya watu kwamba ndama wa kwanza ni wa yule aliyempa ushindi. Watu wakapiga vigelegele.

Mtamba akazaa ndama jike, mwenye doa jeupe kwenye paji. Siku hiyohiyo watatu wakafika, kila mmoja na kamba yake.

Restituta akasema, "Dada, bila saa yangu ungeugulia kitandani siku ya mbio. Asiyeanza hashindi."

Tluway akasema, "Waliopotelea bondeni nao walianza, tena wazima kabisa. Afya walikuwa nayo. Njia ndiyo hawakuwa nayo."

Mama mkwe akakaa kwanza juu ya kigoda, akavua kandambili. "Saa moja ilikuwa nyumbani, ya pili ilikwambia upunguze, ukaitii. Ningenyamaza, ungekuwa wa pili, na wa pili alipewa blanketi."

Fausta akamgeukia mumewe. Amsi akasema yeye hawezi kuamua kati ya mama yake na shemeji zake, akaenda kuchemsha chai. Hakuna aliyekasirika, walikunywa, wakataniana, na kila kikombe kilipoisha kila mmoja alidai upya, kwa maneno matamu kuliko ya kwanza. Lakini ahadi ilitamkwa mbele ya watu, na ndama ni mmoja.

Ninyi mliosikiliza, mwambieni Fausta, maana bado amesimama zizini: aliyemfikisha kwenye mbio, aliyemwonyesha njia, na aliyemwambia asiisikilize saa, nani hasa alistahili kufunga kamba yake shingoni mwa ndama yule?