Raizoni za Mama Anold

Upya wa kitu haupimwi kwa siku kilipotengenezwa. Viatu vilivyopitwa na wakati nusu karne iliyopita vyaweza kuwa vipya kabisa kwa mtu ambaye hakupata kuvitia mguuni. Naye mtu akishakipata kipya chake hukifurahia, hata kama kinamuumiza. Wahenga waliliona jambo hilo zamani. Kristina wa Makorora, mkewe Manase, alilithibitisha kwa miguu yake mwenyewe.

Jumapili moja baada ya ibada, wanawe wawili walikutana nyumbani kwake kupanga jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi wao. Anold, mtoto wa kwanza, alikuwa mtu wa mipango. Alikwisha kupata ukumbi wa bustani kule Raskazone, na alikwisha kuchagua sare: vitenge vya rangi ya dhahabu kwa familia nzima, gauni refu kwa mama na suti nyeusi kwa baba. Alipomaliza kueleza, alimgeukia mama yake akitarajia shukrani.

"Ya kanisani nimekubali," alisema Kristina. "Ila tukifika ukumbini nitabadilisha. Nataka suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni."

Ritha, binti yake, alikiweka kikombe cha chai chini polepole. Anold alicheka.

"Mama bwana, kwa utani!"

"Sitanii, mwanangu."

Kristina hakuwa mwanamke wa vituko. Kwa miaka yote hamsini ya ndoa yake alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Marehemu baba yake, Mwinjilisti Ernesti, alihudumia kanisa la wafanyakazi katika shamba moja la mkonge nje ya mji. Wakati wa usichana wake, vijana wa Tanga walikuwa wakivaa suruali zilizobana mapajani na kupanuka chini hata zikafagia barabara, na viatu vyenye soli nene kama mkate wa boflo. Nywele zao za afro zilitangulia kuonekana kabla ya nyuso zao. Kristina aliwatazama wasichana wa rika lake wakipita na raizoni zao, warefu kama milingoti, naye moyo ukamwenda mbio. Alipokuwa na miaka kumi na saba, binamu yake alimpa jozi iliyokuwa imembana. Hakuwahi kuivaa. Mwinjilisti Ernesti aliikuta chini ya kitanda, akaishika kwa vidole viwili kama ashikavyo mtu panya aliyekufa, akaenda nayo chooni. Kristina alisikia kiatu cha kwanza kikitua shimoni, kisha cha pili. Hakulia. Alichukua mchi akaenda kutwanga.

Hata Manase, alipokwenda kuposa akiwa na afro na bugaluu lake, aliambiwa achague: binti au mavazi ya dunia. Alinyoa nywele, akapunguza suruali. Kitambaa kilichobaki kilitosha kaptula ya mtoto.

"Mama," Anold alisema, sasa bila kicheko, "una kisukari. Umemsahau mama mkubwa Leticia? Kilianza kidonda kidogo kama punje ya mtama, ukakatwa mguu mzima. Leo wewe unataka kupanda juu ya viatu vile?"

"Sijamsahau dada yangu. Mimi ndiye niliyemwosha alipofariki."

"Baba, sema neno!"

Manase alikuna kidevu. "Mama yako hajaniomba kitu cha anasa hata siku moja," alisema. "Sina la kusema."

Siku chache baadaye Ritha alimpeleka mama yake Ngamiani kwa Mzee Mwinyijuma, fundi viatu. Mzee yule alidhani viatu vinavyotakiwa ni vya Ritha.

"Ni vyangu mimi," Kristina alimwambia.

Mwinyijuma alimtazama miguuni, kisha usoni. Hakucheka. "Basi ujifunze kuinua unyayo, dada yangu," alisema. "Raizoni hainyatiwi. Ukiiburuta, itakubwaga."

Vilipokamilika, Kristina alivipokea kwa mikono miwili kama mtu apokeaye kichanga. Vilikuwa vyeusi, vyenye ukanda wa kahawia unaozunguka kifundo cha mguu. Tangu siku hiyo, kila alasiri Manase alipokwenda barazani kwa jirani, Kristina alifunga mlango akavivaa. Alitembea toka sebuleni hadi jikoni akishika ukuta, halafu toka jikoni hadi sebuleni bila kushika. Kutoka juu ya viatu vile aliona vumbi lililolala juu ya kabati, ambalo hakupata kuliona miaka yote aliyoishi katika nyumba hiyo. Alicheka peke yake kama mwehu.

Lakini ukanda ulikuwa mgumu. Ulimchubua nyuma ya kifundo, mchubuko ukawa lengelenge, lengelenge likapasuka. Kristina alisafisha kwa maji ya chumvi, akavaa soksi, akanyamaza. Na kesho yake alivivaa tena.

Soksi ndizo zilizomchongea. Ilikuwa wiki ya jubilei yenyewe, na jua la Tanga lilikuwa halina huruma.

"Joto hili na soksi, Mama Anold?" aliuliza Manase. "Hebu vua nione."

Alipokiona kidonda, Manase alikaa chini. "Leticia alianza hivihivi," alisema.

"Najua."

"Unajua, na bado unavaa?"

Kristina aliitazama mikono yake. "Ukimwambia Anold, viatu vyangu vitakwenda shimoni mara ya pili," alisema. "Nimevaa nilivyochaguliwa na baba, nikavaa nilivyochaguliwa na kanisa, sasa navaa ninavyochaguliwa na wanangu. Sote wawili tulinyang'anywa ujana wetu na baba yangu, lakini wewe wako uliucheza kwanza, Manase. Mimi wangu niliusikia ukitua chooni."

Manase alisimama. "Anold sitamwambia," alisema, "lakini kesho asubuhi tunakwenda kituo cha afya. Hilo halina mjadala."

Walikwenda. Muuguzi aliyewapokea, Samiha, alikisafisha kidonda, akakifunga, akawaonya kwa upole bila kuficha: mguu upumzike, ukanda wowote usiguse pale, na Kristina arudi kila baada ya siku mbili. Wakati wa kurudi, Manase alimwomba dereva wa bajaji apitie Ngamiani. Mzee Mwinyijuma aliukata ukanda ule, akaushona upya juu zaidi, akautia kitambaa laini kwa ndani.

"Wimbo mmoja," Manase alimwambia mkewe walipofika nyumbani. "Mmoja tu, kisha unakaa."

"Mmoja," aliitikia Kristina.

Jumamosi ibada ilikwenda vyema. Kristina alikuwa amevaa kitenge chake cha dhahabu na makubazi ya wazi, na Anold aliamini kuwa mama yake amekwisha kusahau. Ukumbini wageni walikaa, mchungaji akakaa, bendi ikaanza kupiga dansi la zamani. Mlango wa pembeni ukafunguliwa.

Aliyetangulia ni Manase. Alikuwa amevaa bugaluu la kijivu na shati la kola ndefu kama masikio ya sungura. Alikuwa amelishonesha kwa siri kwa Mboni, jirani yao fundi cherehani. Kristina, ambaye hakuwa na habari, alisimama nyuma yake mdomo wazi. Kisha alijikaza, akainua unyayo kama alivyofundishwa, akaingia.

Wageni waliwatazama kwa sekunde chache wasiamini macho yao. Halafu mama mmoja mtu mzima, kutoka meza ya nyuma, akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukalipuka. Anold alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama yake alikuwa mrefu kuliko alivyopata kumwona maishani. Bugaluu lake la bluu lilipepea, mabega yalicheza, na uso wake ulikuwa wa msichana ambaye Anold hakupata kukutana naye.

Kidonda kiliwaka kama kaa la moto. Wimbo ulipokwisha, Manase alimshika mkono.

"Tukakae sasa."

"Kidogo tu," alisema Kristina, na wimbo wa pili ukamkuta katikati ya ukumbi.

Alipokaa hatimaye, bandeji ilikuwa imelowa damu. Anold alipiga magoti mbele ya wageni wote, akamvua mama yake viatu kwa mikono yake.

"Sikio la kufa halisikii dawa, Mama."

"Hili limesikia muziki, mwanangu," alijibu Kristina.

Furaha ile ilikuwa na bei yake. Kidonda kilichimbika, homa ikamshika, akalazwa kwa siku kadhaa huku Manase akilala kwenye kiti kando yake na kujilaumu. Madaktari waliuokoa mguu, lakini uponaji ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Kristina aliikosa Krismasi kanisani, akakosa kwenda sokoni, akakosa misiba ya majirani, jambo lililomuuma kuliko mguu wenyewe. Anold, aliyefundishwa na Samiha namna ya kufunga kidonda, alikuja kila jioni akitoka kazini. Mwanzoni alifunga bila kusema. Baadaye alianza kuuliza habari za zamani: afro ya baba ilikuwa na ukubwa gani, wasichana walijifunzaje kutembea, nani alianguka mbele za watu. Mama akasimulia, na mwana akasahau kununa.

Jioni ambayo bandeji ya mwisho ilitolewa, ngozi mpya ilikuwa imefunika, nyororo na yenye kung'aa. Anold aliushika mguu ule kwenye viganja vyake.

"Niambie kweli, Mama. Kama ungejua yote haya tangu mwanzo, ungevaa?"

Kristina alifikiri. Alikuwa amekonda, na hatua zake sasa zilihitaji mkongojo.

"Nilijua," alisema. "Nilimwosha dada yangu, mwanangu. Nilijua vizuri sana." Kisha akainama kidogo, akashusha sauti ili Manase asisikie. "Hebu ukipita Ngamiani, muulize Mzee Mwinyijuma kama ana ngozi nyekundu."

Anold alitaka kufoka, lakini kicheko kilimshinda, akacheka hata machozi yakamtoka. Hapo ndipo alipokubali kuwa wahenga hawakukosea waliposema: kipya kinyemi, ingawa kidonda.